Rada Haioni Nyuma ya Mlima: Kweli na Si Kweli

Watanzania wengi tulilijua neno rada kupitia habari za fedha kabla hatujalijua kupitia habari za ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilinunua mtambo wa rada kutoka BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, walilalamika kwamba bei ni kubwa mno na mtambo haulingani na mahitaji. Desemba 2010 mahakama ya London ikaitoza kampuni hiyo faini ya pauni laki tano kwa kutotunza hesabu zake ipasavyo, na pauni milioni 29.5 zikaja Tanzania zikageuka vitabu na madawati. Mtaani fedha hizo zilipewa jina lake: chenji ya rada.

Katika mabishano yote yale, watu waliuliza fedha zimekwenda wapi, na walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini ni wachache waliouliza rada yenyewe inaona wapi na inaishia wapi. Pengo hilo limejazwa na kauli za kijiweni, na kwa kuwa kila mwenye kahawa mkononi ni mtaalamu, kauli hizo zimezoeleka mpaka zinaonekana kama elimu. Nimechukua chache nilizozisikia mara nyingi nizipime moja moja.

"Rada ikiwekwa Dar es Salaam, inaona nchi nzima."

Si kweli, na hapa ndipo penye kiini cha mambo yote.

Kaa ufukweni Bagamoyo utazame jahazi linaloelekea Unguja. Kwanza hupotea mwili wa chombo, kisha tanga, mwisho ncha ya mlingoti. Bahari haikulimeza. Mgongo wa dunia umeingia kati yako na jahazi. Mawimbi ya rada husafiri karibu na mstari ulionyooka, hewa ikiyapinda kidogo tu kuelekea chini, na mgongo uleule huyakata.

Hesabu yake haihitaji kompyuta. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili. Fanya hivyo hivyo kwa kimo cha ndege. Jumlisha, kisha zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita, na ndio mwisho wa kuona, hata mtambo uwe wa dhahabu. Antena iliyo mita 20 juu ya ardhi tambarare itaiona ndege iliyo mita 10,000 angani ikiwa umbali wa kilomita 430 hivi. Ndege hiyo ikishuka hadi mita 3,000, itaonekana ndani ya kilomita 245 tu. Ikiwa mita 300, kama helikopta au ndege ndogo inayojiandaa kutua, haionekani mpaka ifike kilomita 90.

Sasa peleka hesabu hiyo Mwanza. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa mstari ulionyooka. Ili ionekane na antena ya Dar, ndege iliyo juu ya Mwanza ingelazimika kuruka kwenye kimo cha kama kilomita 40, yaani mara nne ya kimo cha ndege kubwa za abiria. Hakuna rubani wa kukupeleka huko kwa tiketi ya kawaida.

Tena Dar iko pwani. Nusu ya duara la rada yake inaangukia Bahari ya Hindi. Hilo si hasara, maana ndege za Comoro na za visiwani hupita huko, lakini bara halifaidiki. Ndiyo maana maofisa wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, walikuwa wakieleza kwamba rada ile moja ya zamani ilifikia karibu robo tu ya anga la nchi. Mwaka 2017 mamlaka hiyo iliingia mkataba na Thales ya Ufaransa kwa rada nne: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Itazame ramani. Pembe za nchi zimechaguliwa ili maduara yapishane na kugusana. Idadi ya rada iliamuliwa na umbo la dunia pamoja na umbo la Tanzania, wala haikuwa suala la tamaa ya kununua vingi.

"Basi ongeza nguvu ya umeme, itafika mbali zaidi."

Kweli kwenye karatasi, si kweli mfukoni.

Rada ya aina ya kwanza, ile inayotegemea mwangwi, hufanya kazi kama mtu anayepiga ukelele ng'ambo ya bonde kule Lushoto. Sauti hutawanyika ikienda, ikagonga mwamba, kisha mwangwi nao hutawanyika ukirudi. Hasara inalipwa mara mbili. Kwa hiyo ukitaka umbali uwe maradufu, nguvu haitoshi kuzidishwa mara mbili wala mara nne. Ni mara 16. Na ukiizidisha nguvu mara mbili tu, ukalipa bili yake, unaambulia nyongeza ya umbali ya kama asilimia 19. Ndiyo sababu wahandisi hupendelea kupanua antena au kuboresha sikio la mtambo kabla ya kugusa nguvu.

Kuna kikwazo kingine ambacho kijiweni hakitajwi kabisa. Rada hupiga, halafu hunyamaza isikilize. Ikipiga mipigo 1,000 kwa sekunde, ina sehemu moja ya elfu ya sekunde ya kusikiliza kabla ya mpigo unaofuata, na katika muda huo wimbi linaweza kwenda na kurudi kutoka kilomita 150 tu. Mwangwi wa mbali zaidi ya hapo utachelewa, utafika baada ya mpigo wa pili kutoka, na mtambo usio na akili utaudhani ni wa ndege iliyo karibu. Ukitaka kuona mbali, punguza mipigo. Ukipunguza mipigo, kila ndege itaguswa mara chache antena inapoipitia. Ukitaka iguswe mara nyingi, zungusha antena polepole. Lakini ukiizungusha polepole, picha inachakaa. Rada za kuongoza ndege zinazokaribia uwanja hukamilisha mzunguko kwa sekunde 4 au 5. Zile za njia kuu za angani huchukua sekunde 10 au 12, na ndege ya kasi ya kilomita 900 kwa saa katika sekunde 12 imekwisha kusogea kilomita 3. Kila kizuri hapa kimenunuliwa kwa kuuza kingine.

"Rada haioni nyuma ya mlima."

Kweli tupu.

Tuchukulie antena imesimama kwenye uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, ambao uko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro chenye mita 5,895, kiko kama kilomita 50 kaskazini-mashariki. Kutoka uwanjani kilele hicho kinainuka nyuzi tano na nusu hivi juu ya mstari wa mlalo. Unaweza kuziona hizo nyuzi kama kidogo, lakini kadiri unavyokwenda mbali kivuli hupanda. Kilomita 50 nyuma ya kilele, kwenye mstari uleule, ndege iliyo mita 11,000 bado imefichwa au iko ukingoni mwa kivuli. Kimo hicho ndicho ndege kubwa husafiria.

Ni kweli kwamba kilele ni chembamba, na kivuli chake cha juu ni kama upande mwembamba wa kabari. Ndege hukipita upesi. Lakini mabega ya mlima ni mapana, na ndege za chini hupotea kwa eneo kubwa zaidi. Upande wa pili wa kivuli hicho ni Kenya. Anga halina mpaka wa matofali, na mahali ambapo mlima wangu umenifumba jicho, rada ya jirani huweza kuwa na mwanga wa kutosha. Mpangaji mzuri wa rada huanza na ramani ya milima, akachora vivuli kwanza, kisha ndipo akatafuta mahali pa kujenga.

"Kama mlima unazuia, si waiweke juu ya mlima wenyewe?"

Nusu kweli. Kenya ilifanya kitu cha namna hiyo kwa kiasi: ina vituo vya rada kwenye vilima vya Mua huko Machakos na Poror upande wa Eldoret. Kilima cha wastani ni neema. Rudi kwenye hesabu yetu: antena kutoka mita 20 hadi mita 80 kwa kujenga mnara hukupa kilomita 18 zaidi, na mnara wa mita 80 si mchezo. Kilima cha mita 400 juu ya tambarare hukupa kilomita 82 za upeo kabla hujaihesabu ndege yenyewe, na kimejengwa bure na Mungu.

Tatizo ni kupandisha mno. Mwenye bidii atauliza: kwa nini tusiiweke Kibo kabisa? Acha barafu, acha barabara isiyokuwepo, acha fundi wa kupanda siku tano kwenda kubadilisha fyuzi. Chukua ndege inayotua KIA. Ukiwa kileleni, ndege hiyo iko karibu nyuzi 6 chini ya mstari wa mlalo, wakati mwale wa rada umeundwa kutazama upeo na juu yake. Ungekuwa na rada inayoziona ndege za mbali sana lakini haiioni ile inayoshuka miguuni pake. Na ukiinamisha mwale ili uione, unapata mwangwi wa kila jiwe, bati na mgomba kutoka Marangu mpaka Arusha.

Maji nayo yana hila zake. Antena iliyo juu, ikitazama bahari au Ziwa Victoria, hupokea kila mwangwi kwa njia mbili: moja ya moja kwa moja, nyingine iliyogonga uso wa maji. Njia hizo zikikutana kwa kupatana, ndege huonekana kwa nguvu. Zikikutana kwa kupingana, ndege hufifia. Matokeo yake anga hugawanyika kama vidole vya mkono, penye kidole unaona, kati ya vidole huoni. Na kadiri antena inavyopanda ndivyo vidole vinavyoongezeka na kuwa vyembamba. Ndiyo maana antena nyingi za kisasa zimefanywa ndefu kwenda juu, ili zikate mwale wao kwa makali karibu na ardhi na kupunguza nishati inayogonga chini.

"Ndege iliyo juu kabisa ya rada ndiyo inayoonekana vizuri kuliko zote."

Si kweli. Mwale huishia kwenye nyuzi 45 hivi, na juu ya hapo pana koni ya kimya. Ndege ya mita 10,000 inayopita utosini mwa rada hupotea ndani ya duara lenye upana wa kilomita 20 na huchukua zaidi ya dakika moja kulivuka. Rada ya jirani ndiyo huiangalia wakati huo. Sababu nyingine ya maduara kupishana.

"Ndege ikizima kifaa chake, rada haiioni tena."

Inategemea ni rada ipi, na watu wengi hawajui kwamba ziko mbili.

Rada ya kwanza ni ya mwangwi. Haiombi ruhusa kwa mtu. Chuma kikipita, mwangwi unarudi. Lakini haijui jina la ndege wala, kwa kawaida, kimo chake. Inaona nukta tu. Ya pili ni ya mazungumzo. Antena huuliza kwa masafa ya megahazi 1,030, na kifaa ndani ya ndege kiitwacho transponda hujibu kwa megahazi 1,090: mimi ni fulani, niko kimo fulani. Kwa kuwa ndege hujibu kwa nguvu yake yenyewe, wimbi la rada husafiri njia moja tu. Hapa umbali maradufu hudai nguvu mara 4, si 16. Ndiyo sababu rada ya pili ni nafuu, hufika mbali, na nchi nyingi huitegemea peke yake kwenye njia kuu za angani.

Bei ya unafuu huo ilionekana tarehe 8 Machi 2014. Ndege ya Malaysia Airlines, MH370, ikiwa na watu 239, ilikuwa inatoka anga la Malaysia kuingia la Vietnam. Saa 7 na dakika 21 usiku kwa saa za huko, jibu la transponda lilikatika na alama yake ikatoweka kwenye skrini za waongoza ndege. Ndege yenyewe haikutoweka. Rada ya jeshi, ya aina ya kwanza, iliiona ikigeuka, ikivuka tena rasi ya Malaysia, hadi saa 8 na dakika 22, ilipopita mwisho wa upeo wake kaskazini-magharibi ya Penang. Baada ya hapo dunia nzima haikuwa na rada ya kuifuata, kwa sababu katikati ya bahari hakuna mahali pa kusimamisha antena.

Kwa hiyo mtu akikuambia nchi yake ina rada, ni haki kuuliza ni ya mwangwi, ya mazungumzo, au zote mbili juu ya mnara mmoja.

"Rada ikionyesha kitu, basi kipo pale."

Laiti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, rada iliyokuwa Bombay ilipokea mwangwi wa pwani ya Arabuni, zaidi ya kilomita elfu moja ng'ambo ya bahari. Hakuna mtambo wa zama zile uliopaswa kufika huko. Kilichotokea ni kwamba hewa ya joto na kavu ilitanda juu ya hewa baridi na yenye unyevu iliyogusa bahari, ikatengeneza kama bomba, na wimbi likateleza ndani yake likifuata mgongo wa dunia. Njia ileile ya majahazi ya kaskazi na kusi, mara hii ilisafiriwa kwa kasi ya mwanga. Hali hiyo hutokea sana Ghuba na pwani za joto, na mwongoza ndege huona visiwa na meli ambazo jana hazikuwepo.

Upande wa pili, kuna kilichopo ambacho hakionekani. Ili kuondoa mwangwi wa milima na majengo, mtambo huamriwa ufute kila kisichosogea. Hila ni nzuri, ila ina tundu. Rada ya wimbi la sentimita 10, inayopiga mara 1,000 kwa sekunde, ikikutana na ndege ndogo inayoijia kwa kilomita 180 kwa saa kamili, kati ya mpigo na mpigo ndege husogea sentimita 5, nusu kamili ya wimbi. Mwangwi unarudi ukiwa sawasawa na uliotangulia, na mtambo unaifuta ndege kama unavyofuta kilima. Dawa yake ni kubadilisha badilisha nafasi kati ya mipigo, na rada za leo hufanya hivyo. Mitambo ya umeme wa upepo huleta shida ya kinyume: mnara umesimama, lakini ncha za mapanga yake hukata hewa kwa kasi ya karibu kilomita 300 kwa saa, na rada hushawishika kuona ndege ndogo pasipo na kitu. Ulaya ugomvi kati ya wenye mashamba ya upepo na waongoza ndege umekuwa mkubwa. Kwetu, tunaoanza kusimamisha mapanga vilimani, ni vizuri kuuliza mapema.

"Mvua ya masika huipofusha rada."

Kwa sehemu kubwa si kweli. Rada za njia kuu hutumia wimbi la sentimita 23, za viwanjani la sentimita 10. Matone ya mvua ni madogo mno kuyasumbua sana. Inayoumia ni rada ndogo ya kuangalia magari na ndege zilizo ardhini, ambayo hutumia wimbi la sentimita 3 au fupi zaidi. Tone lilelile huirudishia mwangwi wenye nguvu zaidi ya mara mia.

"Pasipo na rada, ndege isiruke."

Si kweli, ingawa naielewa hofu. Sehemu kubwa ya anga la Afrika na bahari zote zimevukwa kwa miaka mingi bila rada. Rubani huripoti mahali alipo na saa atakayofika kituo kifuatacho, mwongoza ndege huandika, na ndege mbili za kimo kimoja kwenye njia moja hutenganishwa kwa dakika 10. Marubani wanaovuka Afrika hutangaziana wenyewe kwa wenyewe kwenye megahazi 126.9. Usalama upo, lakini unalipiwa kwa nafasi. Dakika 10 kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa ni kilomita 150, wakati chini ya rada nzuri ya njia kuu kilomita 9 na kidogo zinatosha. Ndege inayokataliwa kimo inachokitaka huchoma mafuta zaidi, na mafuta hayo yamo ndani ya tiketi yako.

Tangu mwaka 2019 setilaiti nazo husikiliza ndege zinazojitangaza mahali zilipo, hata katikati ya Bahari ya Hindi. Ni msaada mkubwa, ila usisahau kwamba hiyo ni ndege inajieleza yenyewe. Ikinyamaza, setilaiti nayo haina la kusema.

Ukisikia tena inatangazwa rada mpya yenye uwezo wa kuona kilomita 450, usishangilie wala usibeze. Uliza tu: ndege ikiwa juu kiasi gani? Ukijibiwa mita elfu kumi, uliza tena habari ya ile ndege ndogo ya Cessna iliyo mita mia tatu angani, inayotoka mbugani na watalii watano.